Kiashiria, Alama au Chimbuko? Uhakiki wa Istilahi za Bidhaa Zinazoitwa kwa Mahali

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfinyanzi mmoja wa Mhezi, kata ya Wilaya ya Same katika Milima ya Pare ya Kusini, anafinyanga chungu kwa udongo wa kwao na kwa ufundi aliourithi kwa mama yake. Chungu hicho kikiwa bado milimani huitwa kwa jina la mfinyanzi mwenyewe, maana kila mtu anamjua. Kikifika mjini Same huitwa chungu cha Mhezi. Kikifika Moshi huwa chungu cha Same, au cha Upare. Kikifika Dar es Salaam mchuuzi hukiita chungu cha Kilimanjaro, maana huo ndio mkoa, na mnunuzi amekwisha kulisikia jina hilo. Kikivuka bahari huwa chungu cha Afrika. Chungu ni kile kile. Anayepotea njiani ni mfinyanzi.

Nchi nyingi zimetunga sheria za kuzuia upotevu wa namna hiyo. Sheria hizo humpa mzalishaji wa mahali fulani haki ya kulitumia jina la mahali pake juu ya bidhaa yake, na humnyima haki hiyo mtu wa mahali pengine, hata kama bidhaa yake inafanana na ya kwanza. Makala haya hayakusudii kuzieleza sheria hizo zote, kwani kazi hiyo ni ya wanasheria. Kusudi letu ni kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia, au kinaelekea kuyatumia, katika kuzieleza. Hoja yetu ni moja. Istilahi njema ya sheria humwambia raia anamiliki nini na anatakiwa kuthibitisha nini. Istilahi zinazotumika zaidi hivi sasa katika uwanja huu hazifanyi hivyo.

Suala hili si la wanaistilahi peke yao. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, iliyofanya marekebisho ya sheria mbalimbali, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Kwa hiyo neno litakalochaguliwa halitabaki kuwa tafsiri iliyowekwa kando ya neno la Kiingereza. Litakuwa ndilo neno ambalo hakimu atalipima. Aidha, mambo ya mali za viwandani si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwandani Na. 4 ya mwaka 2008, ambayo imeweka masharti juu ya majina ya aina hii. Upande wa Bara chombo kilichozoeleka ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo shabaha yake ni kutofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Jirani zetu wa Uganda walitunga sheria mahsusi mwaka 2013. Sheria ni kadha, lugha ni moja. Kila upande ukijichagulia neno lake, karani wa Same na karani wa Chake Chake watasoma barua moja na kuelewa mambo mawili.

Dhana yenyewe

Yafaa tuanze na dhana kabla ya neno. Katika mikataba ya kimataifa mna ngazi tatu, na kosa la kwanza la wafasiri wengi ni kuzichanganya.

Ngazi ya chini ni tamko tu kwamba kitu kimetoka mahali fulani. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 ulikwisha kugusa suala la bidhaa zinazodai kwa uongo kutoka mahali zisikotoka. Mfuko ulioandikwa kwamba umetengenezwa Tanzania hausemi kuwa kilichomo kina ubora wa pekee. Unataja kilikotoka, basi.

Ngazi ya kati iliwekwa na mkataba wa mwaka 1994 wa Shirika la Biashara Duniani juu ya miliki ubunifu, katika ibara ya 22. Hapa kutoka mahali hakutoshi. Lazima kuwe na uhusiano: jambo fulani katika bidhaa, au katika heshima yake mbele ya watu, liwe limetokana hasa na mahali hapo.

Ngazi ya juu ni ya Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1958. Hapa ubora au tabia za bidhaa sharti zitokane kabisa, au kwa kiini chake, na mazingira ya mahali, yaani maumbile kama udongo, maji na hewa, pamoja na mambo ya binadamu kama ufundi na desturi. Hati ya Geneva ya mwaka 2015, iliyoanza kufanya kazi Februari 2020, iliziingiza ngazi ya kati na ya juu katika utaratibu mmoja wa usajili wa kimataifa.

Kwa muda mrefu walionufaika zaidi walikuwa watu wa mvinyo, jibini na mazao mengine ya shamba. Kazi za mikono na za viwanda ziliachwa nyuma. Fundi wa vioo wa Murano, Italia, au wa vyombo vya kauri wa Limoges, Ufaransa, alitegemea sheria za nchi yake. Ujerumani ilitunga sheria ya kulilinda jina la Solingen, mji wa wahunzi wa visu, tangu mwaka 1938. Umoja wa Ulaya ulikuja kupitisha Kanuni Na. 2023/2411 mwezi wa Oktoba 2023, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Desemba 2025. Kanuni hiyo inahusu bidhaa za ufundi na za viwanda: mawe, vito, nguo, vioo, kauri, visu, ngozi na kadhalika. Mlango wake haukufungwa kwa wageni: wazalishaji wa nchi za nje nao wanaweza kuomba usajili katika ofisi ya miliki ubunifu ya Umoja huo, iliyoko Alicante, Hispania. Kwa hiyo mfinyanzi wetu wa kubuni si wa kubuni sana.

Isidhaniwe kwamba dhana hii ni ngeni katika milima ya Pare. Upande wa kaskazini wa milima hiyo hiyo, katika Ugweno ambao sasa umo katika Wilaya ya Mwanga, wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha na kufua chuma, na Wachagga wa Kilimanjaro wakakitegemea chuma kilichotoka huko. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi Washana walivyotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Magharibi ya nchi, chumvi ya Uvinza, itokanayo na chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi, ilikuwa na soko pana katika karne ya 19. Hapakuwa na daftari la serikali. Hata hivyo mnunuzi alijua alichokuwa akinunua, na alilitaja jina la mahali ili kukithibitisha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema hakijiuzi bila ya jina.

Dhana tunayo. Tunalotafuta ni neno.

Istilahi zilizopo

Katika maandishi ya ofisi, hotuba na magazeti tunakutana na istilahi nne kwa uchache. Tuzipime moja moja.

Ya kwanza, na yenye nguvu zaidi, ni "kiashiria cha kijiografia". Ubora wake ni kwamba inafuata umbo la istilahi ya Kiingereza neno kwa neno, na kwa hiyo mwenye kuijua ile ataitambua hii. Udhaifu wake ni huo huo. Asiyeijua ya Kiingereza haambiwi kitu. Neno kiashiria limekwisha kuchukuliwa na wanauchumi na wanatakwimu: viashiria vya umaskini, viashiria vya maendeleo, viashiria vya mradi. Ni kitu kinachopimwa na mtaalamu, wala si kitu kinachomilikiwa na fundi. Tena kiashiria huelekeza tu kama kidole, hakidhamini. Mtu anayeelekeza njia halazimiki kuapa kwamba njia ni nzuri. Lakini katika ngazi ya kati na ya juu, kudhamini ndiyo kazi yenyewe. Nalo neno "kijiografia" huivuta dhana nzima kwenda darasani, kana kwamba mfinyanzi wa Mhezi anaulizwa longitudo yake.

Ya pili ni "alama ya kijiografia". Hii ni mbaya zaidi. Neno alama tayari limefungamana na alama ya biashara, ambayo ni mali ya mfanyabiashara mmoja, naye aweza kuiuza akipenda. Jina la mahali haliuzwi; mtu wa Mhezi hawezi kumwuzia mtu wa Tanga jina la Mhezi. Kuviita vitu hivi viwili kwa neno moja ni kumwalika mwenye fedha aende kusajili jina la mahali kama alama yake binafsi, akidhani, pengine kwa nia njema, kwamba sheria ndiyo hiyo. Isitoshe, kwa mwalimu wa shule alama za kijiografia ni mito, vilima na njia za reli katika ramani.

Ya tatu ni "dalili ya kijiografia". Dalili ni ya mvua na ya ugonjwa. Huonekana kabla ya jambo kuthibitika. Mwenye dalili ya homa bado hajapimwa. Bidhaa iliyosajiliwa imekwisha kupimwa.

Ya nne ni "jina la asili". Hii inapendeza, kwa kuwa imetoka ndani ya lugha na inalitaja jina kwa jina. Bahati mbaya neno asili limebeba mizigo mingi mno. Mwacha asili ni mtumwa: hapo asili ni mila na nasaba. Mali asili: hapo ni maumbile. Dawa za asili: hapo ni ukale na miti shamba. Na "jina la asili" la mtu ni jina lake la kwanza kabla ya kubatizwa au kubadili. Waziri akisema bungeni kwamba serikali italinda bidhaa zenye majina ya asili, mbunge mmoja atafikiri juu ya ngoma, wa pili juu ya asali, na wa tatu juu ya vijiji vilivyobadilishwa majina.

Tukilinganisha istilahi hizi na neno "hakimiliki" tofauti itaonekana mara moja. Hakimiliki ina haki ndani yake, na ina kumiliki. Raia asiyesoma sheria hata ukurasa mmoja analisikia neno hilo akajua kwamba kuna mtu mwenye kitu, na kwamba kitu hicho hakichukuliwi ovyo. Hicho ndicho kipimo tunachokitaka.

Neno "sifa" na mashahidi wake

Tatizo la pili limejificha katika tafsiri ya masharti yenyewe. Ibara ya 22 ya mkataba wa mwaka 1994 imetaja mambo matatu yawezayo kuiunganisha bidhaa na mahali, nayo yametenganishwa kwa makusudi. La kwanza ni uzuri wa bidhaa yenyewe. La pili ni heshima yake mbele ya watu. La tatu ni tabia nyingine yo yote inayoibainisha. Moja likipatikana, yatosha.

Mfasiri wa Kiswahili akiwa na haraka ana neno moja linaloyameza yote matatu, nalo ni sifa. Chungu kina sifa ya kutopasuka motoni. Chungu kina sifa mpaka Mombasa. Chungu kina sifa ya kuwa na rangi nyekundu. Kwa hiyo tafsiri ya ibara hiyo yaweza kusomeka kwamba bidhaa iwe na "sifa, sifa au sifa nyingine". Baadhi ya wafasiri, wakiona aibu ya urudiaji huo, hufuta mawili na kubakiza moja. Hapo ndipo haki ya mtu inapopotea bila ya mtu ye yote kukusudia.

Tumrudie mfinyanzi wetu. Tuseme udongo wa Mhezi ukipimwa unaonekana hauna tofauti kubwa na udongo wa bonde la jirani, lakini kwa miaka mingi wanunuzi wamekuwa wakipanda mlima kwa sababu ya vyungu vya Mhezi. Chini ya mkataba wa mwaka 1994 anayo hoja, kwa kuwa heshima ya bidhaa yake imetokana na mahali pale. Sheria ikiandikwa "ubora" peke yake, hoja hiyo imekufa. Ikiandikwa "sifa" peke yake, hakimu hatajua amwite mkemia au awaite wanunuzi. Neno moja linaamua shahidi ni nani.

Tunapendekeza maneno matatu kwa mambo matatu: ubora, umaarufu, na sifa bainifu. Kwa mpango huo sehemu husika ya ibara yaweza kutafsiriwa hivi: "ambapo ubora, umaarufu au sifa bainifu nyingine ya bidhaa hiyo inatokana hasa na mahali ilikochimbuka." Sentensi si tamu sana, lakini kila neno lina kazi yake, na kila kazi ina shahidi wake.

U-, Wa- na Ki-

Tatizo la tatu halitokani na tafsiri. Linatokana na sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hutofautisha kwa viambishi kitu ambacho sheria za wenzetu zinakitafuta kwa maneno mengi. Ugweno ni nchi. Wagweno ni watu. Kigweno ni lugha au namna yao. Sheria tunazozizungumzia zinahusu U-. Hazihusu Wa-, wala hazihusu Ki-.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ki- huonyesha namna ya kufanya: kitoto, kizamani, kizungu. Tukisema mlango wa Kizanzibari, twaweza kuwa tunausema mlango uliochongwa Zanzibar, au mlango uliochongwa Arusha kwa kufuata namna ya Zanzibar. Mkataba wa mwaka 1994, katika ibara ya 23, unakataza kuweka jina la mahali juu ya mvinyo na pombe kali za mahali pengine hata kama yameongezwa maneno ya kujikinga, kama vile "aina ya" au "mfano wa". Katika Kiswahili mdanganyifu hahitaji maneno hayo. Ki- moja inamtosha. Sheria ya Kiswahili isiyotaja umbo hilo itakuwa imeufunga mlango na kuliacha dirisha wazi.

Lakini yafaa tuwe waangalifu, maana Ki- si ya wadanganyifu peke yao. Vinyago vya Kimakonde huchongwa na mafundi walio Mwenge, Dar es Salaam, mbali na uwanda wa juu wa Makonde, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba vinyago hivyo ni vya uongo. Ufundi ule ulisafiri pamoja na watu. Tukiuingiza katika sheria ya majina ya mahali, tutakuwa tumewanyang'anya mafundi hao jina lao kwa kisingizio cha kulilinda. Kinyume chake, vikapu vya Iringa, vinavyosukwa kwa milulu, vinaitwa kwa mahali. Msusi akihamia Dar es Salaam na milulu yake, kikapu chake bado ni cha Kihehe. Lakini kama ni cha Iringa ni swali ambalo sheria italijibu, si yeye. Vivyo hivyo Mpare aliyehamia mjini anaendelea kufinyanga Kipare. Hafinyangi tena Mhezi.

Je, -a ya uhusiano yatosha kuutaja mahali pa kutoka? Haitoshi. Barabara ya Same yaweza kuwa ndefu na kupita wilaya nyingine. Basi la Same, kwa abiria aliye kituoni Dar es Salaam, halitoki Same, linakwenda Same. Soko la Same liko Same, lakini vilivyomo vimetoka kila mahali. Uhusiano wa -a ni mwingi, na mahakamani wingi huo ni mwanya wa mwenye wakili mzuri. Kwa sababu hiyo tunaona kitenzi kinahitajika katika masharti: bidhaa iwe "imechimbuka" mahali, kisha sheria ieleze ni hatua zipi za kazi ambazo sharti zifanyike hapo.

Majina yaliyopotea kwao

Yako majina ya mahali yaliyokufa yakiwa yanatumika, na Kiswahili kina mfano ulio bora. Katika karne ya 19 vitambaa vya pamba visivyopaushwa vya viwanda vya Massachusetts vilikuwa bidhaa kuu katika soko la Zanzibar na njia za misafara, navyo viliitwa merikani, kwa jina la nchi vilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya miaka ya 1861 hadi 1865, viliuvunja ugavi huo, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikaingia mahali pake. Jina halikuondoka. Leo hakuna mshonaji anayeuliza kama merikani imetoka Marekani. Jina la mahali limekuwa jina la aina.

Watu hulalamika mara nyingi kwamba "jina letu limeibwa" bila ya kupambanua ni jina la namna gani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kulisajili neno la kikoi, kwa tahajia yao, kama alama yake ya biashara. Watu wa Kenya na marafiki zao walipinga, na ombi hilo halikufika mwisho wake. Walikuwa na haki, lakini si kwa sababu ya mahali. Kikoi si jina la mji. Ni jina la aina ya nguo, na kwa hiyo halipasi kuwa la mtu mmoja. Mpingaji wa kikoi anasema: neno hili ni la wote. Mwenye jina la mahali anasema: neno hili si la wote. Hoja hizi mbili zikichanganywa katika barua moja zinauana.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Mwaka 1967 vito vya buluu viligunduliwa Mererani, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaviita kwa jina lililotungwa kutokana na jina la nchi yetu. Tanzanaiti ina Tanzania ndani yake. Hata hivyo ilitungwa kama jina la aina ya jiwe, si kama dhamana ya mahali. Hadi leo aina na mahali vimekwenda pamoja, kwa sababu machimbo yanayojulikana ni yale ya Mererani tu. Mfasiri asidhani kwamba jina lenye nchi ndani yake limekwisha kulindwa kwa kuwa nalo. Merikani nayo ilikuwa na nchi ndani yake.

Mapendekezo

Baada ya kuyatazama hayo, tunapendekeza mpango ufuatao, ambao unalitegemea neno chimbuko. Tumelichagua kwa sababu ni la Kiswahili, linaeleweka na watu wote, na lina kitenzi chake hai, chimbuka. Chimbuko la mto ni mahali ambapo maji yanatoka ardhini, nayo yakitoka yanakuwa na ladha ya ardhi ile. Uvinza neno hili ni kweli tupu.

Kwa ngazi ya chini: tamko la mahali. Kwa ngazi ya kati: kitambulisho cha chimbuko. Kwa ngazi ya juu: jina la chimbuko. Kwa jina lililopoteza mahali pake, kama merikani: jina la jumla. Kwa maandishi yanayoeleza udongo, hatua za kazi na mipaka ya eneo: waraka wa masharti.

Tunatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kitambulisho, kwa watu wa leo, ni kadi ya mfukoni. Sisi tunaiona maana hiyo kuwa ni msaada. Kitambulisho hutolewa na mamlaka baada ya uchunguzi, humdhamini mwenyewe, na hakiazimwi jirani. Pia neno hilo linaruhusu picha na michoro, maana si kila kitambulisho cha chimbuko ni neno. Pingamizi ya pili ni kwamba "kiashiria cha kijiografia" kimekwisha kuingia katika hati kadha, na kubadili ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama ya kubadili neno katika hati chache ni ndogo kuliko ya kulibadili baada ya hukumu kuanza kutolewa.

Tuzijaribu istilahi hizi katika Wilaya ya Same yenyewe. Jasi ichimbwayo Makanya na kupelekwa viwandani ina tamko la mahali. Ikitaka zaidi, wahusika waonyeshe ni kitu gani cha jasi hiyo kinachotokana na Makanya tu. Tangawizi ya Same ni zao la shamba, na Umoja wa Ulaya una sheria nyingine kwa mazao ya shamba; hata hivyo neno ni lile lile, na kitambulisho cha chimbuko kinaifaa ikiwa umaarufu wake utathibitishwa. Chungu cha Mhezi kingeanzia ngazi ya kati, kwa ushahidi wa wanunuzi. Katika mifano yote mitatu karani anaweza kumwambia mwombaji, kwa maneno ya kawaida, alete nini kesho.

Limebaki swali moja ambalo istilahi haiwezi kulimaliza, ila inaweza kulifunua. Mwenye jina ni nani? Katika Ugweno ufundi wa chuma ulikuwa wa ukoo. Asiye Mshana hakuukaribia kwa sababu tu alizaliwa Ugweno. Sheria hizi mpya hazimjui Mshana. Zinawajua wazalishaji wote wa eneo watakaoufuata waraka wa masharti. Kwa hiyo tunashauri neno "wenyeji" liepukwe katika masharti ya umiliki, na "wazalishaji wa eneo la chimbuko" litumike. Wenyeji ni nasaba. Mwanamke aliyeolewa Mhezi kutoka mbali, akajifunza ufinyanzi kwa mama mkwe wake, ni mzalishaji wa Mhezi, ingawa wazee wanaweza kubishana juu ya uenyeji wake. Ukipenda kuulinda ukoo, sheria nyingine itungwe, yenye jina jingine.

Vilevile majina yenye mawanda makubwa yatazamwe kwa makini. Jina la Kilimanjaro limekwisha kuwekwa juu ya bia, maji ya chupa na hoteli. Wazalishaji wa Same, ambao mkoa wao ni huo, watavutwa kulitumia kwa sababu linajulikana. Tungewashauri walimu na maofisa wa wilaya wawahimize kuandika jina dogo na la kweli, kwa kuwa jina dogo lina watu wanaoweza kuhesabiwa na mipaka inayoweza kutembelewa kwa miguu.

Tunawaomba wasomaji, hasa wafasiri wa sheria na walimu walioko wilayani, waupime mpango huu kwa bidhaa za kwao na kutuletea maoni. Tungefurahi zaidi kuletewa maneno ambayo mafundi wenyewe huyatumia wanapotaka kusema kwamba kitu ni cha kwao na si cha pengine. Pengine lipo neno, katika Chasu au katika lugha nyingine ya jirani, lililo bora kuliko chimbuko. Likipatikana kabla ya sheria kuandikwa, hatutaona haya kuliondoa letu.